Nimerudi chuo nikiwa na miaka 47. Nitawaambiaje wenzangu kwamba nataka kazi, sitaki kupumzishwa?

Mama wa Mwaloni, Kirumba

Wakubwa zangu shikamooni, wadogo hamjambo. Nina jambo linaninyima raha, na nyumbani hawalioni kama tatizo, kwa hiyo nalileta hapa kwa sababu najua humu wamo walimu, wanafunzi na watu wazima waliorudi darasani.

Mimi nauza dagaa hapa soko la Mwaloni. Novemba iliyopita nilianza mwaka wa kwanza wa shahada ya uhasibu kwenye chuo kimoja hapa Mwanza. Chuo si kigeni kwangu. Mwaka 1998 nilimaliza kidato cha sita nikaingia stashahada ya juu ya uhasibu, na mwaka uliofuata nikaacha. Wenye umri wangu kanda hii wanaukumbuka mwaka 1999, Ulaya ilipozuia samaki wa Ziwa Victoria kwa habari za watu kuvua kwa sumu. Baba yangu alikuwa anapeleka sangara kwenye viwanda vya minofu. Viwanda vilipoacha kununua, barafu iliyeyukia juu ya samaki wasio na mnunuzi, na ada yangu ikaishia hapo. Nikaenda Mwaloni kumsaidia mama, kwa sababu dagaa hawakuwa wa kwenda Ulaya. Waliliwa hapa hapa na kwa jirani zetu Kongo, na bei yao haikuguswa na mtu wa mbali. Nilijua ni kazi ya msimu mmoja, kumbe ndiyo imenijengea nyumba na kunisomeshea watoto. Mkubwa ameshamaliza chuo, wa pili yuko kidato cha tano. Nikamwambia baba watoto kwamba sasa ni zamu yangu, na hakubisha. Mkopo wa Bodi ya Mikopo ya wanafunzi unaishia miaka 35, kwa hiyo ada nalipa mwenyewe kwa awamu, na siku za mbalamwezi, mitumbwi ya dagaa inapopumzika na soko linalegea, ndizo siku zangu za kusoma usiku.

Nianze na niliyoyakuta, ili mwelewe kwamba sikuja kuwalalamikia vijana.

Mwaka 1998 barua ya kukubaliwa chuo ilikuja kwa sanduku la posta la shule aliyokuwa anafundisha mjomba, ikakaa huko hadi alipopata mtu wa kuja mjini. Ada ulipanga foleni benki asubuhi nzima, na ile karatasi ya benki uliitunza kama cheti cha ubatizo. Safari hii niliomba nafasi kwa simu nikiwa nimekaa juu ya gunia, namba ya malipo ikaja, nikalipa pale pale mteja akiwa ananisubiri nimpimie.

Darasani nilikwenda na daftari la kaunta. Mhadhiri anawasha projekta, mikono yote inainuka na simu, wanapiga picha slaidi, mikono inashuka. Mimi naandika. Mtu wa umri wangu akichungulia dirishani atasema hawa hawasomi. Lakini binti anayekaa mbele yangu aliulizwa swali la ghafla kuhusu uchakavu wa mali akajibu bila kutazama popote, na mwisho wa kipindi akageuka: "Shikamoo mama, naomba nipige picha daftari lako, umeandika na yale aliyoyasema mdomoni." Tangu hapo daftari langu linazunguka darasa zima kwa picha.

Somo lenyewe nalo limehama. Nilipoacha, VAT ilikuwa na mwaka mmoja tu nchini, ikitozwa asilimia 20. Leo ni 18, na risiti inatoka kwenye mashine ya EFD. Tulifundishwa viwango vya uhasibu vya Tanzania peke yake. Tangu Julai 2004 nchi inafuata viwango vya kimataifa, kwa hiyo kuna kurasa nzima ninazozijua kwa moyo na hazihitajiki tena.

Linalonigusa zaidi ni jinsi wanavyoishi. Kijana wa nyuma yangu ni wakala wa pesa za simu, analaza simu kifudifudi mezani kipindi kinapoanza. Binti mwingine kila Jumamosi anatoka soko la Mlango Mmoja na furushi la viatu vya mtumba, na kufikia jioni viko kwenye status yake ya WhatsApp, vimeoshwa, vimepigwa picha juu ya kitambaa cheupe. Wakati wetu mwanafunzi wa chuo kufanya biashara ilikuwa dalili kwamba kwao kuna shida. Tulisubiri ajira, na tuliiamini. Hawa wameona kaka zao wenye shahada wakikaa nyumbani miaka wakifungua Ajira Portal kila asubuhi, kwa hiyo wanamuuliza mhadhiri usoni: hii kozi inatupeleka wapi? Mimi mwaka 1998 nisingethubutu kuuliza hivyo. Nawaheshimu kwa hilo.

Na kuna binti alisimama akasema, "Mwalimu, leo siwezi kuwasilisha, kichwa changu hakiko sawa." Mhadhiri akampangia siku nyingine, darasa likaendelea. Nilikaa nikamkumbuka mwenzetu mmoja wa bwenini, mwaka ule ule wa 1998, aliyenyamaza muhula mzima. Tulisema anaringa. Akaondoka chuo bila hata mmoja wetu kumuuliza una nini.

Sasa shida yangu. Tuko saba kwenye kundi. Tumepewa kazi: tuchague biashara halisi ya Mwanza, tuoneshe mali iliyobaki stoo mwisho wa mwaka inathaminiwaje kwa kufuata IAS 2, kiwango cha kimataifa cha uhasibu wa bidhaa zilizoko stoo. Tulikaa kwenye kimbweta, zile meza za saruji za kujisomea, chini ya mwembe. Kiongozi wetu, kijana mpole na mwenye akili, akagawa kazi: huyu utangulizi, huyu mahesabu, huyu slaidi. Alipofika kwangu akatabasamu: "Mama, wewe pumzika tu. Jina tutaliandika. Labda utatusaidia hela ya kuprinti." Wote wakaitikia, kwa wema kabisa. Na kwa kuniheshimu wakasema biashara iwe ya dagaa.

Binti mmoja akaliingiza swali kwenye ChatGPT. Jibu likaja kabla sijavaa miwani vizuri, Kiingereza kimenyooka, na ndani yake dagaa wetu wamehifadhiwa chumba cha baridi, wanatoka kwa mpangilio, wa kwanza kuingia ndiye wa kwanza kutoka. Jamani, dagaa wa Mwaloni wanakaa kwenye gunia. Gunia lililopakiwa kisiwani Goziba likifika Kirumba limeshapungua uzito, kwa sababu wanaendelea kukauka njiani. Na mvua ikiwapata wanabadilika rangi na harufu, mnunuzi wa kula hawagusi tena, wanakwenda kwa watengeneza chakula cha kuku. Tuseme gunia nililinunua kwa shilingi 200,000, baada ya mvua linauzika kwa 80,000. IAS 2 inazungumzia hilo hilo: mali iandikwe kwa gharama yake au kwa kile inachoweza kuuzika baada ya kutoa gharama za kuiuza, ile iliyo ndogo. Hasara hiyo nimekuwa nikiikata kwenye daftari langu kila msimu wa mvua tangu hata sijajua kwamba ina namba ya kiwango.

Nikafungua mdomo. "Usijali mama, tumeshamaliza." Wakasimama.

Mengine yanaamuliwa kwenye kundi la WhatsApp, ambalo linachangamka saa nne usiku mpaka saa nane. Mimi saa kumi alfajiri natakiwa niwe sokoni, kwa hiyo nikiamka nakuta kila kitu kimeshapita.

Naomba mnisaidie. Nitasemaje nieleweke kama mwanafunzi? Nikilegeza sauti, wanaona ni unyenyekevu wa mtu mzima. Nikikaza, wanamsikia mama yao, wanainamisha vichwa na kuitikia, na hayo si makubaliano. Na hiyo kazi iliyotengenezwa na akili mnemba, nikatae jina langu lisiwekwe? Hawa watoto nawapenda. Lakini nimelisubiri darasa hili tangu nina miaka 21, sikuja kuandikwa jina. Tunawasilisha wiki ya mwisho ya mwezi huu.

---

Geto la Buhongwa

Shikamoo mama. Mimi niko mwaka wa pili, miaka 22, chuo kingine. Kwenye kundi letu kuna baba mmoja fundi umeme, na huwa tunamfanyia hivyo hivyo. Nikueleze inavyokuwa upande wetu.

Kwanza mdomo unakuwa mzito. Nimpangie mtu wa umri wa mama yangu kazi, nimwambie mwisho saa sita usiku, akichelewa nimuulize? Nyumbani sikulelewa hivyo. Rahisi ni kumwambia pumzika. Pili tunakuhurumia kweli. Tunajua una biashara, una watoto, pengine na wazazi wa kutunza. Kijana akisema "pumzika" hapo anakupa kitu cha thamani kuliko vyote alivyonavyo, kwa sababu sisi wenyewe hakuna anayetuambia tupumzike. Wiki moja ina asaimenti tatu, bumu, ile hela ya mkopo, halijaingia, mwenye geto anagonga.

Kuhusu akili mnemba naomba uwaelewe kidogo. Wapo wanaonakili wakapeleka, hao siwatetei. Ila wengi wetu tumetoka shule za kata, mwalimu wa Book-keeping alikuwa mmoja kwa kidato kizima au hakuwepo. Msingi tulisoma kwa Kiswahili, kidato cha kwanza tukaamkia Kiingereza. Chuoni tuko mamia ndani ya ukumbi, huwezi kunyoosha mkono ukasema sijaelewa mara ya tatu. Mimi usiku nakaa na simu, naiambia nieleze kwa Kiswahili hili jambo, nieleze tena, nipe mfano. Haichoki na hainicheki. Hivyo ndivyo nilivyonusurika kurudia mtihani, ile sapu, ya Takwimu. Lakini mambo ya hapa kwetu inayakosea, kama ilivyowapeleka dagaa wako chumba cha baridi.

Ushauri wangu: usiseme mbele ya wote pale kimbweta, kiongozi wenu ataona amekosa heshima hadharani. Mpate peke yake, mwambie kwa ufupi, "Mwanangu, nipe sehemu ya mahesabu, na muda wa mwisho nipe kama wengine." Umtajie sehemu unayoitaka. Ukisema tu "nataka kusaidia" atakurudisha kwenye hela ya kuprinti. Halafu nenda na lile daftari la biashara yako. Kundi lililo na daftari halisi la Mwaloni hakuna mhadhiri atakayelishuku, na wenzako wataona hiyo mapema kuliko unavyodhani.

Na WhatsApp, wewe rekodi sauti saa kumi alfajiri ukiwa njiani. Sisi tukiamka tutaikuta. Si lazima wote tuwe macho saa moja.

---

Muuguzi wa Misungwi

Mdogo wangu, pole na hongera. Mimi nakupinga kidogo.

Nilirudi kusoma shahada nikiwa na miaka 50 kasoro, darasani na mabinti wa miaka 20. Walinifanya mama, nikakubali, na sijutii. Mmoja alikuja kwangu na ujauzito ambao hakuwa amemwambia mtu yeyote, hata kwao. Mwingine baba yake alifariki katikati ya mitihani, mimi ndiye niliyekaa naye stendi ya Nyegezi usiku akisubiri gari. Ningeng'ang'ania kuwa mwanafunzi kama wao, wasingenikaribia.

Umri hauwezi kuuacha getini. Toa hiyo hela ya kuprinti, na mahesabu yafanye mwenyewe nyumbani kwa daftari lako. Chumba cha mtihani kila mtu anaingia peke yake, na hapo ndipo utakapojua kama umesoma.

---

Mwalimu mstaafu, Bwiru

Binti yangu, marahaba, na heri ya mwaka mpya.

Nataka kukukumbusha kitu ambacho vijana hawakukikuta. Hapa ng'ambo tu, Musoma, Novemba 1974, halmashauri ya TANU ilipitisha azimio kwamba mtu akimaliza kidato cha sita asiende chuo kikuu moja kwa moja. Afanye kazi kwanza, ndipo aombe, tena na barua ya kumsifu kutoka kazini na kutoka tawi la chama. Kwa miaka kadhaa madarasa ya chuo kikuu yalijaa walimu, makarani na mabwana shamba, watu wenye ndoa na watoto. Baadaye utaratibu ukalegezwa, wakarudi vijana wanaotoka moja kwa moja shuleni. Nasema hivi ili usijione umeingia nyumba ya wenyewe. Darasa la watu wazima limewahi kuwa ndilo la kawaida katika nchi hii.

Na kabla ya hapo, Mwanza hii ilikuwa makao ya mradi wa majaribio wa UNESCO wa kisomo chenye manufaa kwa mikoa ya ziwa, mwishoni mwa miaka ya 60 na mwanzoni mwa 70. Vitabu vilihusu pamba, ndizi, uvuvi. Mkulima alijifunza kusoma kwa kusoma mzani wa pamba yake. Tulikuwa na gazeti la vijijini lililotoka hapa hapa, *Elimu Haina Mwisho*, kwa wale waliokwishajua kusoma wasije wakasahau.

Mimi nilikuwa kijana wa miaka 21 huko Magu, nafundisha jioni wazee wenye umri wa babu yangu. Shida ya huyo kiongozi wenu naijua kutoka upande wake. Sikuweza kumwambia mzee "umekosea". Nikawa napita tu, natia alama ya vema. Hadi mzee mmoja, mvuvi, mikono yake minene kiasi kwamba penseli ilikuwa haionekani, akanishika mkono baada ya darasa akasema, "Mwalimu, ukiniogopa sitajua kusoma." Kuanzia siku hiyo nilimpa shikamoo yake mlangoni, kwa kupiga magoti kidogo kama desturi ilivyotaka, na tukiingia ndani kosa lake nililizungushia duara kama la mwingine yeyote. Kabla ya pamba kuvunwa alikuwa anasoma risiti yake mwenyewe ya chama cha ushirika.

Aliyenipa ruhusa alikuwa yeye. Kijana hawezi kujipa ruhusa hiyo. Huyo muuguzi amesema vizuri kuhusu kuwa mama, lakini hapa sikubaliani naye: mzee wangu yule alibaki mzee, na kusoma akasoma. Nenda ukampe huyo kijana ruhusa, kwa mdomo wako. Wabeja sana.

---

Ng'ambo ya Busisi

Dada, hongera. Nimemaliza shahada Chuo Kikuu Huria nikiwa na miaka 44, natokea Sengerema, wakati ule ni kivuko, daraja la Kigongo–Busisi lilikuwa bado nguzo majini. Nyinyi wa sasa tangu Juni 2025 mnapita tu.

Langu ni dogo. Usisome PDF kwenye simu usiku, macho yatachoka. Chapisha steshenari, uandike pembeni. Halafu mtafute kijana mmoja, mmoja tu, akufundishe Excel, na wewe umfundishe kutunza daftari la mauzo. Huyo binti wa viatu anafaa. Wangu tuliyefundishana naye mpaka leo ananipigia simu.

---

Nafundisha chuo, Nyakato

Nimesoma wote. Mimi ni mhadhiri, nina miaka 34, na kila mwaka ninao wanafunzi wawili watatu wanaonizidi umri. Nawaamkia shikamoo nje ya mlango, ndani nawaita kwa jina kama wengine na nawapa alama wanayostahili. Hakuna hata mmoja aliyewahi kulalamika.

Kuhusu akili mnemba, siku hizi wengi wetu hatutoi alama kwa karatasi peke yake. Nachagua mtu yeyote kwenye kundi, namuuliza: hii namba ya jedwali la pili mmeipataje? Akishindwa, kundi zima linashuka. Ndugu yetu wa Mwaloni, ukiandikwa jina bila kazi na swali likakuangukia wewe, utawaumiza wale wale wanaokuonea huruma. Mwambie kiongozi wako hivyo. Ni hoja ya alama, haina harufu ya mama wala ya mtoto, ataielewa mara moja.

---

Mama wa Mwaloni, Kirumba

Nimerudi. Nawashukuru nyote, nimesoma kila neno, mengine nimemsomea baba watoto akiwa anakunywa chai.

Nilimwita kiongozi wetu pembeni kabla ya kipindi cha asubuhi. Nikamwambia nataka mahesabu, na muda wa mwisho anipe ule ule. Nikaongeza lile la mhadhiri wa Nyakato kuhusu kuulizwa. Mwalimu wangu wa Bwiru, na lako nililisema: "Mwanangu, nikikosea nizungushie duara." Akatazama chini, akasema, "Sawa mama." Nikaona ni ile "sawa" ninayoiogopa. Lakini saa tano usiku akatuma kwenye kundi mgawanyo mpya, jina langu liko kwenye mahesabu pamoja na yule binti wa mbele yangu, na chini ameandika Alhamisi saa kumi na mbili jioni, bila "kama utapata nafasi".

Alhamisi tukakaa kimbwetani na daftari langu. Walilishika wote. Wakaniuliza mbona upande huu magunia yana kilo na upande huu hayana, nikawaeleza kwamba kwa wateja wa Kongo tunauza kwa gunia na kwa wa hapa tunapima. Chumba cha baridi kikafutwa. Kisha yule binti, aliyekuwa amekifungua kiwango chenyewe kwenye simu, akaninyamazisha kwa heshima: "Mama, hapa naona tofauti na ulivyoandika." Kumbe upungufu wa kawaida, ule wa kukauka njiani, haukatwi kama hasara. Unabaki ndani ya gharama, kwa hiyo kila kilo iliyobaki inapanda bei. Upotevu usio wa kawaida ndio unaotolewa pembeni na kuandikwa kama gharama ya mwaka ule, na hata gunia lililoshushwa thamani kwa mvua, tofauti yake inakwenda huko. Mimi vyote nilikuwa navikata mahali pamoja. Tulibishana mpaka giza likaingia, na mwisho tukakubaliana kwamba kukauka kwa Goziba hadi Kirumba ni kwa kawaida, na mvua ya tarehe 28 Desemba, iliyopita juu ya magunia kabla turubai halijafika, si ya kawaida. Ameshaanza kuliweka kwenye Excel, mimi nampa namba, yeye ananionesha anapobonyeza.

Dada yangu muuguzi, jana binti mmoja wa kundi amebaki na mimi baada ya wenzake kuondoka, ana shida na mwenye nyumba wake. Tumeongea. Kwa hiyo na la kwako nimelipokea.

Sauti ya alfajiri nimeanza kuituma. Wanaijibu saa nne asubuhi.

Sasa nina ombi jingine. Tumechagua tarehe 31 Desemba kuwa mwisho wa mwaka, na mhadhiri atataka ushahidi wa bei ya siku hiyo, si daftari langu peke yake. Aliyeuza au kununua dagaa wa kula na wa kuku hapa Mwaloni kati ya tarehe 29 Desemba na 2 Januari, na ana risiti au hata picha ya karatasi ya mauzo, naomba anitumie ujumbe. Jina la mteja alifunike. Tunawasilisha Ijumaa saa nane mchana.